Huku Upepo Unasakwa kwa Moshi

Nilikokulia, fundi akisahau kuacha matundu ya hewa juu ya dirisha, anaitwa arudi. Nyumba isiyopitisha upepo tuliiita tanuri. Basi majira yangu ya kwanza ya baridi huku ughaibuni, nikafanya ujinga wa wageni wengi: nikaongeza hita, nikaongeza blanketi, nikatundika mapazia mazito, nikayalaani madirisha. Miguu ikabaki barafu.

Madirisha nilikuwa nayasingizia. Hewa ya joto hupanda. Ikikuta mianya darini inatoroka, na inapotoka juu, baridi inavutwa ndani kwa chini, hasa pale ukuta unapokalia msingi. Unasikia baridi miguuni, kumbe nyumba inavuja utosini. Kwa hiyo anza na dari, hata kama shingo itauma.

Kuziba ni rahisi; kuona ndiyo kazi. Ngoja siku ya upepo, zima mtambo wa joto, funga milango na madirisha, washa feni zinazotoa hewa nje, kisha tembea polepole na kijiti cha udi kinachofuka. Moshi ukiyumba, mwanya umeupata. Kwangu uliyumba kwenye soketi za umeme, chini ya sinki pale bomba linapotoboa ukuta, na kwenye mfuniko wa kupandia darini ukapeperushwa kabisa. Nilipopanda huko juu nikakuta sufi ya kioo, ile inayotandazwa darini kuhifadhi joto, imeshika weusi sehemu sehemu. Nilidhani panya. Ni vumbi: hewa ilipita hapo miaka na miaka, sufi ikawa chujio. Mimi nilidhani sufi inazuia upepo, kumbe ni sweta bila koti.

Kupima nyumba inavuja kiasi gani, mafundi hufunga feni kubwa mlangoni, wakashusha shinikizo la ndani kwa paskali 50, wakapima hewa inayoingia. Nyumba za kiwango cha Passivhaus, yaani zinazojengwa zitumie nishati kidogo sana, kwa shinikizo hilo haziruhusiwi kubadilisha hewa yake yote zaidi ya mara 0.6 kwa saa. Yangu sikuthubutu kuipima.

Ufa mwembamba nilijaza silikoni, mwanya mpana povu, milango nikaivika mpira. Kuzunguka dohani usipulize povu la kawaida, linaungua. Weka bati na gundi inayohimili moto. Soketi usiiguse kabla ya kuzima umeme.

Ila sisi tuliotoka kwenye joto tukishaonja raha ya kuziba, hatujui kuacha. Jirani aliziba hadi unyevu ukakosa pa kutokea, kuta zikaota kuvu. Na penye jiko au mtambo wa kuchoma gesi, hewa ikikosekana, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, inaweza kurudi ndani, na haina harufu. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule fundi wetu wa matundu: yeye aliamua mwenyewe hewa ipite wapi. Huku naamua kwa feni ya bafuni, inayoendelea kuzunguka nikishamaliza kuoga, na kengele ya gesi hiyo nimeifunga karibu na chumba cha kulala.

Soketi moja sebuleni bado inapuliza.