Saba Siyo Saba Tena

Hivi jamani, mtu akinunua seti mpya ya fimbo za chuma huwa anapatwa na nini? Kuna bwana mmoja ninacheza naye gofu, mstaarabu, hana neno na mtu. Kabla ya hizo fimbo tulikuwa tunasaka mipira vichakani bega kwa bega, tunahesabu mikwaju saba tunaandika sita, tunaheshimiana. Leo asubuhi mpira wangu umetua vizuri tu pembeni ya grini, yaani zile nyasi fupi zenye shimo, na yeye badala ya kusema hongera, au hata pole, kaja na lile swali lao: "Mkuu, hapo umepiga namba ngapi?"

Nikamjibu kwa utulivu wa mtu mzima: sita. (Namba ya chuma ikiwa ndogo mpira unakwenda mbali, ikiwa kubwa unakwenda karibu.)

Akaitazama bendera, akavuta pumzi puani, akasema, "Aah, mimi naona hapa ni nane."

Nane! Akaichomoa hiyo nane, akaivua soksi (vyuma vyake vyote vina soksi, mimi zangu za miguuni hazijatimia jozi), akapiga. Mpira ukapita juu ya grini, ukapita juu ya banka, lile shimo la mchanga, la nyuma, ukaenda kulala kwenye majani ambayo hata mbuzi angeyasusa. Mnadhani alihuzunika? Alinigeukia meno yote nje: "Umeona? Nane hiyo!"

Ngoja niseme mimi, maana wenye maduka hawasemi. Ile namba iliyochorwa kwenye unyayo wa fimbo haina sheria. Gofu ina sheria ya kila kitu. Mpira kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, uzito usizidi gramu 45.93. Shimo milimita 108. Fimbo kwenye begi zisizidi 14. Hata vifereji vilivyochongwa kwenye uso wa chuma vilibanwa kuanzia 2010, visiwe vikali sana wala visiwe na kina cha kupitiliza. Lakini namba? Kila kiwanda kinajiandikia kinavyotaka. Saba ya zamani uso wake ulilala nyuzi 35 hivi, na uso ukisimama zaidi mpira unakwenda mbali zaidi. Chukua saba ya hawa wanaouza umbali, unakuta nyuzi 28, nyingine 27. Sasa nyuzi hizo si ndiyo ile tano tuliyoifahamu? Wameichukua tano, wameipaka rangi, wameiandika saba, halafu wanatutangazia kwamba sasa saba inakwenda mbali. Kwa nini isiende? Ni tano!

Sikatai, ufundi upo. Uzito wameushusha chini, uso wameufanya mwembamba, ndiyo maana mpira unapaa ingawa chuma kimesimama. Na wazo la kuhamishia uzito kwenye kingo, ili ukigonga pembeni fimbo isikugeukie mkononi, aliyelisukuma sana ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, akawa mhandisi na kuanzisha kampuni ya fimbo ya Ping mwaka 1959. Alianza kwa sababu mipira yake ilikuwa haiingii shimoni. Huyo namheshimu. Mimi yangu haiingii na sijaanzisha chochote.

Na msiseme nina wivu. Hizo fimbo nazijua, nimeshakwenda kupimiwa. Siku hizi mtu hachukui seti akaondoka nayo. Unapimwa kwanza, na ukitoka umeshajua kasoro zako zote kwa desimali.

Unaingia chumba chenye wavu, zulia la kijani na skrini kubwa, na sakafuni kuna kiboksi kinakutazama. Kijana mwenyewe shati limenyooshwa pasi hadi linatisha. "Shikamoo mzee, karibu sana." Marahaba, nikamwambia, huku nashangaa uzee umenifika muda gani, maana nilipotoka nyumbani nilikuwa kaka.

"Handikapu yako ni ngapi, mzee?"

Ishirini na kitu, nikasema. (Hiyo ni mikwaju ya ziada anayoruhusiwa mtu; ikiwa kubwa, ujue mchezo wake ni mbovu.) Sikumfafanulia kwamba hicho kitu ni kikubwa kuliko ishirini yenyewe. Tangu mfumo mmoja wa dunia uanze 2020 mtu anaruhusiwa kufika 54, kwa hiyo bado nina nafasi ya kukua.

"Na mpira unapenda uende vipi? Uwe unapinda kulia, au kushoto?"

"Napenda uende mbele."

Akaandika. Sijui aliandika nini, lakini aliandika kirefu.

"Haya mzee, piga kama unavyopiga siku zote." Akaniwekea saba. Nyuma yangu wamekaa watu wanasubiri zamu, wamekunja mikono, wananitazama mgongo. Nikavuta suruali, nikatingisha kiuno kidogo kama wanavyofanya wale wa kwenye televisheni, nikashusha. Fimbo ikaanza kugonga zulia, ikateleza, ndipo ikaukuta mpira. Kwenye udongo ule mkwaju ungechimba shimo la kupandia mgomba na mpira ungebaki pale pale. Juu ya zulia, mambo shwari, skrini inaonyesha mpira unapaa kwenye anga la bluu lisilo na upepo. Watu nyuma wakaguna kwa heshima. Nikaanza kulipenda lile zulia.

Uliofuata ukaenda kushoto. Kijana akasema, "Huo tunaufuta, haukuwa wako." Akabonyeza, ukafutika. Uliofuata tena, nikaugonga kichwani, ukatambaa. "Huo pia tunaufuta."

Nikasimama. "Subiri kidogo, mwanangu. Unaufuta unakwenda wapi?"

"Unatoka kwenye wastani, mzee. Tunabakiza mizuri tu, ili tuone uwezo wako halisi."

Uwezo wangu halisi! Mimi nimecheza gofu miaka yote hii, sijawahi kukutana na uwanja wenye kitufe cha kufuta. Nikamuuliza kuna klabu gani wanacheza hivyo, niandikishwe leo leo. Akacheka akidhani natania. Kwa hiyo ile namba mtu anayotoka nayo dukani, "saba yangu inakwenda yadi kadhaa," ni wastani wa mikwaju yake mizuri, iliyopigwa juu ya zulia, ndani ya nyumba, kwa fimbo ambayo kiukweli ni tano. Halafu anakuja kuniuliza mimi nimepiga namba ngapi.

Tukaendelea. Kijana akatazama skrini akakunja uso. "Mizunguko iko chini kidogo." Inatakiwa iwe mingapi? Akasema wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani, saba zao mpira unazunguka kama mara 7,000 kwa dakika. Wangu ulikuwa elfu nne na ushee. Na maana yake nini? "Maana yake ukitua kwenye grini hautasimama, utaendelea." Nikamwambia asante, hilo nalifahamu, huwa nauona ukiendelea.

Akaja kwenye mpini. Mipini ina herufi, nguvu zikishuka: X ya wenye nguvu, S, R, halafu akanipa mmoja wenye A. Nikafurahi, maana shuleni A niliisikia kwa watoto wa wenzangu. Nikauliza A ni ya nini. Kijana akasafisha koo. "Ni kwa ajili ya mwendo... wenye utulivu." Mmoja wa wale waliokaa nyuma akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa.

Baada ya hapo akanibandikia plasta chini ya fimbo na kunipigisha juu ya kibao cha plastiki, aone unyayo unagusa chini sehemu gani, akagundua shingo za fimbo zangu zimesimama kupita kiasi, ndiyo maana mpira unakimbilia kushoto. Miaka yote nilimlaumu mtengeneza nyasi. Sijamwomba radhi na siombi.

Halafu mlio. Zile fimbo zenye uwazi ndani, ambazo nyingine hujazwa povu, ukiupiga mpira zinalia kama sufuria lililoangukia sakafu ya saruji. Nikasema naona mlio si mzuri. Kijana akasema subiri uihisi mkononi, hisia yake ni ya pekee. Sasa mpira unakaa kwenye uso wa chuma kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mimi hata mke wangu akinisemesha hunichukua muda kuhisi. Watu wanasimulia hisia ya kitu kilichokwisha kabla ubongo haujapewa taarifa, na wanasimulia kwa machozi.

Kwa heshima nikaomba nijaribu zile nyembamba, bapa mgongoni, za mafundi. Kijana akasita. Nikamwambia lete. Mpira ukagongwa na shingo ya fimbo, ukaondoka kulia moja kwa moja kwenye pazia, na wale wenye kukohoa wote wakanyanyua miguu. Skrini ikabaki nyeupe. Mashine ya gharama zile, yenye kuhesabu mizunguko ya mpira, ikakataa kutoa maelezo. "Itakuwa ni mwanga," kijana akasema, na tangu siku hiyo namwombea maisha marefu.

Lakini kilichonichosha hasa kilikuja mwishoni, wakati wa kuandikiana. Kwa kuwa wamesimamisha vyuma vyote, na wedji ya kwenye seti, ile fimbo ya mikwaju ya karibu, nayo imesimama: nyuzi 43. Ile yangu ya mchangani ni 56. Katikati hapo pana shimo la nyuzi 13. "Kwa hiyo mzee utahitaji wedji moja zaidi ya kuziba hilo pengo." Pengo kachimba nani? Wamechimba wao, halafu wananiuzia mimi udongo wa kulifukia! Na begi langu lina fimbo 14 tayari. Ya 15 ikionekana ni adhabu ya mikwaju miwili kwa kila shimo nililocheza nayo, ukomo wake minne kwa mzunguko. Nitoe ipi? Draiva, ambayo ndiyo inanipa heshima pale mwanzo? Nitoe ya kusukumia mpira shimoni, ambako ndiko mikwaju yangu inakofia, mara mbili, mara tatu, kwenye umbali ambao mtoto angeusogeza kwa mguu? Hiyo nayo wanaiuza kwenye seti mpya? Haiko kwenye seti. Kila mtu anauziwa umbali, na hakuna hata mmoja wetu anayefungwa na umbali.

Na umbali wenyewe watu wamedanganya mpaka wametoka nje ya dunia. Mwanaanga Alan Shepard wa Apollo 14, mwaka 1971, alifunga kichwa cha chuma namba 6 kwenye kifaa cha kuokotea sampuli, akapiga mpira mwezini kwa mkono mmoja kwa sababu lile vazi halikumruhusu kutumia miwili. Akasema umekwenda maili na maili na maili. Picha zilipokuja kuchambuliwa vizuri, 2021, ikaonekana ni yadi 40 hivi. Mwezini! Mahali ambapo mvuto ni sehemu moja ya sita ya wa hapa! Kwa kweli nilipolisoma hilo nilimpenda. Yule ni mwenzetu kabisa.

Halafu hebu mtu anisaidie na hili la glavu. Kwa nini glavu ya gofu inauzwa moja? Mimi napigia kulia, navaa ya kushoto, nina rundo la za kushoto zilizotoboka gumba, na ya kulia sijawahi kuigusa. Nikauliza, nikaambiwa jozi zipo, za mvua. Yaani mkono wangu wa kulia wanaujua siku ya mvua tu. Jua likiwaka, utajijua wenyewe.