Ukienda Kamakura, anzia baharini

Nimerudi kutoka Japani na kila ninayekutana naye ananiuliza Tokyo vipi, Kyoto vipi, ile treni ya mwendokasi umeipanda? Nimeipanda, nzuri sana. Tokyo nimezunguka mpaka miguu ikavimba, Kyoto nako nimefika Fushimi Inari, yale mageti mekundu maelfu kwa maelfu yanayopanda mlima, ila tulikua tumebanana kama kwenye daladala la jioni. Haya, hayo mtayaona kwa wengine. Mi nataka niongelee Kamakura kwasababu naona wageni wengi sana wanaikosea.

Kamakura ni kamji ka pwani, ukitoka Tokyo ni kama saa moja tu kwa treni ya kawaida. Zamani ndio palikua makao ya utawala wa mashoguni, yaani wale watawala wa kijeshi, mpaka 1333 walipoangushwa. Sasa watu wanafanyaje, wanashuka stesheni asubuhi, mbio kwa ile sanamu ya Buddha mkubwa, picha, picha, mchana wamesharudi Tokyo kufanya shopping. Mi nasema anza na bahari. Shuka ufukweni Yuigahama kwanza, vua viatu, ukae hata nusu saa uangalie ile ghuba ilivyo wazi kabisa mbele yako, hakuna mwamba wala kisiwa cha kuzuia kitu. Alafu ndio utembee kwa mguu kwenda kwa Buddha, sio mbali, na njiani angalia nguzo na kuta, utaona vibao vimeandikwa hapa uko mita kadhaa juu ya usawa wa bahari, na mshale wa kukuonyesha pa kukimbilia tsunami ikija.

Ukifika umeshaona vile vibao, yule Buddha unamwona tofauti kabisa. Ni sanamu ya shaba, wanasema kazi ya kumsubu ilianza 1252, mita 11 na kitu bila kuhesabu kile alichokalia, na yuko nje, juani, mvua yake, theluji yake. Hakuwekwa nje makusudi. Alikua na jengo lake kubwa, dhoruba ikaliangusha 1334, likasimamishwa, 1369 likaanguka tena, na tangu mwisho wa karne ya 15 hana paa, na simulizi wanayosimulia wenyewe ni kwamba maji ya bahari ndio yalilibeba. Mawe ya msingi bado yapo pale pembeni yake, watu wanayakalia wanakula aiskrimu hawajui kwamba wamekalia nyumba yake. Mimi nimezaliwa Tanga, bahari naijua tangu mdogo, nikasimama kati ya yale mawe nikageuka kuangalia upande tuliotoka na mwili wote ukasisimka.

Unaweza kuingia ndani ya sanamu yenyewe kwa hela kidogo tu. Ingia. Kuna joto na giza, unaona jinsi vipande vya shaba vilivyoungwa kimoja juu ya kingine, na ukiangalia juu shingoni utaona pameimarishwa, hiyo ni kazi ya 1960 na 1961, wakati huohuo chini yake wakatengeneza ili ardhi ikitetemeka aweze kuteleza kidogo badala ya kuvunjika. Jengo hawakulirudisha lakini yeye wanamtunza hivyo.

Hatua chache kutoka hapo kuna hekalu la Hase-dera, na hapa naomba nieleweke. Ukipanda ngazi unakuta vijisanamu vya mawe, safu kwa safu, mamia kwa mamia, vinaitwa Jizo. Vimewekwa na wazazi kwa ajili ya watoto waliotoka kabla ya siku zao au waliozaliwa wameshafariki. Nilimkuta mama mmoja amechuchumaa, ana kikopo cha maji, hasemi kitu, na nyuma yake kabisa wasichana wawili wageni wanapiga selfi wamenyoosha vidole viwili. Iliniuma. Dada yangu alipoteza mimba ya miezi saba na nyumbani tuliambiwa tusimtajie tena, basi ikaisha hivyo, hakuna mahali pa kwenda wala jiwe la kushika. Kwahiyo pale simu niliiweka mfukoni na sina hata picha moja, na ningekua na sauti ningewaomba wote wafanye hivyo, maana pale kuna watu wapo msibani.

Ile treni ndogo ya pwani pia, Enoden, kilomita 10 tu, ipo tangu 1902, inapita karibu na nyumba za watu mpaka unaona nguo zimeanikwa. Kuna kivuko kimoja cha reli ambacho kimepata jina kwasababu ya katuni ya basketi, hapo umati unasimama mpaka barabarani kusubiri treni ipite na bahari nyuma yake. Wanaoishi pale wanaitumia hiyo treni kwenda kazini na hospitali jamani. Imefika mahali sikukuu za mwezi wa tano wenyeji wamewahi kupewa cheti cha kuingia stesheni bila kupanga foleni na wageni. Tukienda tupishe.

Mchana nilikula wali na shirasu, ni dagaa wadogo weupe wanaovuliwa hapohapo, wamechemshwa kidogo tu, na kwa mtu wa Tanga hapo hakuna cha kueleza zaidi. Jioni nikanunua mkate nikarudi ufukweni. Kabla sijaufungua bibi mmoja aliyekua anatembeza mbwa akaja kwangu haraka, akanionyesha angani, mwewe kama sita wanazunguka, akaniwekea mkono begani akanivuta taratibu mpaka chini ya paa la kibanda, akasimama na mimi mpaka nikamaliza kula.