Mtama Si wa Kuku Tu

Wiki iliyopita nilialikwa chakula cha mchana kwenye hoteli moja pale Masaki. Pembeni ya samaki wangu wakaweka kijilima cha kwinoa iliyochanganywa na spinachi na feta. Mhudumu akainama kwa fahari: "Hii ni nafaka ya afya, bosi." Nafaka ya afya! Asili yake ni milima ya Peru na Bolivia, imepandishwa meli mpaka huku, wakati Dodoma na Singida mtama umelala kwenye magunia ukisubiri kuku na pombe.

Sahani yenyewe sina ugomvi nayo. Nilikula nikafuta. Nafaka kavukavu, mboga ya majani na jibini ya chumvichumvi vinaendana na samaki au kuku wa kuchoma kuliko chipsi. Kinachonikera ni kwamba tukiona mtama tunawaza mashine ya kusaga tu. Uji, ugali, basi. Na si kwamba nafaka nzima ni mambo ya kigeni: pwani wanapika boko boko la ngano, Wapare wana makande yao, Wakamba wana muthokoi. Ila mtama ukiupika punje, shangazi atakuuliza kama nyumbani kuna njaa.

Haya, ngoja nimwage mtama penye kuku wengi. Tafuta mweupe uliokobolewa. Ule mwekundu aghalabu una ukakasi, waachie wapika pombe. Uchambue mawe kwa makini, meno hayauzwi dukani. Uloweke usiku kucha, asubuhi umwage maji, kisha kikombe kimoja ukichemshe kwa vikombe vitatu vya maji. Punje inatakiwa ilainike lakini ibaki na ubishi kidogo mdomoni. Chuja, tandaza kwenye sinia ipoe mvuke, la sivyo utapata bokoboko usilolikusudia. Kaanga kitunguu, karoti na hoho, tupia mchicha dakika za mwisho, changanya na mtama, epua. Nimesema epua! Jibini inaingia chombo kikiwa kimeshatoka motoni, ukiikwangua juu kwa kile kikwangulio cha karoti. Ukiiweka jikoni inajikunja na kuwa kamba. Chumvi onja mwisho kabisa, maana jibini inakuja na yake. Kamulia ndimu.

Na jibini hapo si pambo. Protini ya mtama ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na laisini ndiyo maziwa yanayo kwa wingi. Kwa hiyo kijiko cha jibini kinaziba pengo ambalo mchicha peke yake ungelihangaikia. Maharage pia yanaliziba, najua, tulieni, lakini leo nazungumzia jibini.

Kuna watakaosema jibini ni ya wazungu. Njombe wanatengeneza. Lushoto wanatengeneza. Masisi, kule Kongo, wafugaji wanatengeneza magurudumu ya jibini yanayoliwa Goma yote. Bei yake ndiyo hoja ya kweli, na hapo sibishi: kipande kidogo kinaumiza. Ndiyo maana nasema ikwanguliwe, isikatwe vipande. Ngumi moja inatosha sufuria ya familia.

Nikubali na jingine, shingo upande. Kwinoa inaiva kwa kama dakika kumi na tano, na mtama hata ukilowekwa unaweza kula saa nzima ya gesi au mkaa. Protini ya kwinoa pia imekamilika bila kusaidiwa. Sawa. Pika mtama mwingi mara moja, gawa, weka kwenye friji, utumie siku mbili tatu. Asiye na friji apike siku anayochemsha maharage, apokezane jiko.

Umoja wa Mataifa uliitengea kwinoa mwaka 2013, na mwaka 2023 ukawa wa mtama, uwele, ulezi na ndugu zao. Kwinoa ilitoka pale ikaenda hotelini. Mtama wetu ulipata mwaka wake mzima, na menyu ya Masaki haijasikia habari.

Mhudumu nilimuuliza kama jikoni wana mtama. Akacheka, akidhani natania. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwao Kondoa wanaula kila siku, na mpishi mkuu hajawahi kumuuliza chochote.