Kimbilio lenye viti vya plastiki

Msanii akiniambia "jukwaa ndio nyumbani kwangu, ndio kimbilio langu" mimi huwa nanyamaza tu, wanasema wote hivyo. Ila kuna kijana mmoja hapa Glasgow, Scotland, kwao ni kijijini huko kaskazini kabisa, ni kwia (yaani mapenzi au jinsia yake si ile iliyozoeleka) na hafichi, juzi kanialika kusikiliza igizo lake la kwanza likisomwa, na tangu siku hiyo nimelegeza msimamo.

Ni chumba juu ya baa, viti vya plastiki, watu ishirini hivi. Waigizaji wakafika ukurasa wa 8 wakarukia wa 10, kumbe wa 9 haupo, jamaa akasimama uso umemwiva akaanza kutuhadithia kwa mdomo kilichotakiwa kuwepo, watu wakacheka mpaka basi. Baadaye akaniambia shuleni alikuwa anachekwa anavyotembea, leo kachekwa kwa alichoandika mwenyewe. Yaani mtu ana raha kabisa!

Sisi tukisikia kimbilio tunafikiria pa kujificha, sasa jukwaani utajificha wapi na taa zote zinakumulika wewe?

Na huku nako hakukuwa hivi siku zote. Wanaume wawili kupendana ilikuwa jinai Scotland mpaka sheria ya 1980, England walishalegeza tangu 1967. Halafu 1988 ikaja Section 28, kifungu cha sheria kilichosema halmashauri, zile zinazosimamia shule, zisi"tangaze" ushoga, walimu wakauma ulimi mpaka ilipofutwa Scotland mwaka 2000. Hata 2009, Jo Clifford, mwandishi mkongwe, mwanamke trans, yaani alizaliwa akihesabiwa mwanaume, alipoigiza ukumbi wa Tron hapahapa Glasgow tamthilia yake inayomleta Yesu kama mwanamke trans, nje walijaa waandamanaji na mabango. Mimi nimekulia kanisani, hasira yao naielewa, lakini jamani, si ungeingia kwanza uione ndio ukasirike?

Anayenigusa zaidi ni Adam Kashmiry, kijana wa kiume trans wa Misri aliyekuja Glasgow kuomba hifadhi. Frances Poet akaandika tamthilia kutokana na maisha yake, na Agosti 2017 Adam mwenyewe akapanda jukwaani ukumbi wa Traverse kule Edinburgh kuyacheza, na kwenye skrini kuna kwaya ya watu trans zaidi ya 100 wa nchi mbalimbali, kila mmoja kajirekodi kwake halafu sauti zikaunganishwa. Mkimbizi na kimbilio, si neno ni lilelile la kukimbia? Tofauti ni kama kuna aliyekufungulia mlango ulipofika.

Na mlango wenyewe uwe wa bei ya kawaida, hapo ndio mimi nabishana na watu. Kijana kama huyu hahitaji ukumbi wa mazulia mekundu, anahitaji mahali pa kujaribu na kukosea. Pale Òran Mór, lile kanisa la zamani kule juu mwisho wa barabara ya Byres Road, tangu 2004 ukienda saa saba mchana tiketi yako ina pai, kinywaji na tamthilia fupi haifiki hata saa moja, wiki inayofuata wanaleta nyingine. Ikiwa mbovu, angalau umekula. Hela za sanaa zikiwa chache wangeanza kulinda vyumba vya namna hii, majumba makubwa yana watetezi wake.

Jamaa sahizi anaandika upya igizo lote. Ukurasa wa 9 ameamua kuuacha vilevile alivyotuhadithia siku ile, na "ngoja, ngoja" zake zote ndani.