Ndago na matete mabondeni Pemba: kukata au kuacha?

Mwambie mfugaji wa Pemba aache matete bondeni ili ndege wapate pa kutagia, naye atakuuliza ng'ombe wake ale nini. Ana haki ya kuuliza. Ng'ombe wengi kisiwani hufungwa kamba, na pale kamba inapofika ndipo malisho ya siku yanapokwisha. Duara hilo likijaa ndago na matete yaliyokomaa, mnyama hulala na njaa.

Tena kuna konokono. Kichocho cha mkojo, ambacho Unguja na Pemba zimepigana nacho miaka mingi, hupitia kwa konokono wa maji baridi wanaojificha kwenye majani ya madimbwini. Minyoo ya maini ya ng'ombe nayo hupitia kwa konokono. Mchinjaji akipasua ini lililovimba mishipa, huitoa kwa kisu minyoo hiyo, bapa kama majani madogo. Anayetaka bonde lifyekwe lote hasemi upuuzi.

Lakini kufyeka kote hakumpi anachokitaka. Ndago hujificha chini kwa vijiviazi vilivyoungana kama tasbihi. Jembe likikata uzi, vinachipua kimoja kimoja. Tena ndago haipendi kivuli. Ukiondoa matete yote, umeifungulia jua. Wanaotia moto ndio wanaonikera zaidi: matete yanarudi, ila vyura, mayai na makinda hawarudi.

Uingereza wana mzozo unaofanana na wetu kwenye malisho yao ya kudumu, ambako jamii nyingine ya majani ya majimaji, Juncus effusus, huvamia mashamba. Huko ndege wa jamii ya sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama wale tunaowaona ufukoni maji yakitoka, hutaga chini kabisa kwenye nyasi. Yakikatwa yote, kiota kinabaki wazi. Yakiachwa yote, makinda hawana pa kutembea kutafuta wadudu. Kwa hiyo hukatwa kwa mabaka, baada ya makinda kukua, na ng'ombe huingizwa kula machipukizi. Ila mkulima wa huko hulipwa na serikali kwa kazi hiyo, jambo ambalo wanaotuletea mfano huo hulisahau kulitaja.

Mabaka yanatufaa hata sisi, ila kalenda tuweke yetu. Ndege wengi wa majini huzaliana mvua zikishajaza mabonde, basi panga lisubiri msimu wa kaskazi. Wakati huo malisho ya juu yamekauka, na matete yaliyokatwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa machipukizi laini ambayo ng'ombe anayapenda. Yangeyange, anayefuata miguu ya ng'ombe akiokota panzi, atafaidi palipofyekwa. Kukuziwa atabaki palipoachwa. Panapoogewa na kufuliwa, pafyekwe papo hapo bila kumsubiri ndege yeyote. Pale mtoto ana haki kuliko kukuziwa.

Kuna hasara nisiyoweza kuifuta: kila baka linaloachwa ni kamba fupi kwa ng'ombe wa mtu, na hapa hakuna anayemlipa. Ndiyo maana namwomba mfugaji aniachie robo tu ya bonde, upande wa mbali na njia, na kila mwaka tuhamishe robo hiyo. Nusu singethubutu.