Sahani Tatu Hazibebwi kwa Zoom

Juzi tangazo limeniingilia kwenye simu, usingizi ukaruka. Chuo fulani cha hapa Pwani kinauza diploma ya hoteli na utalii, yote mtandaoni, "kama tulivyofaulu wakati wa korona". Nikalisoma mara mbili neno hilo. Tulivyofaulu! Nani alifaulu, jamani?

Mimi nimehudumu mezani Diani miaka kumi na mmoja kabla mgongo haujanikataza, na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mmoja wa hao "waliofaulu". Machi 2020 vyuo vilipofungwa, ndiyo kwanza alikuwa muhula wa pili. Karo haikupungua hata shilingi. Masomo yakahamia Zoom na WhatsApp, bando juu yake mwenyewe, na mtandao wa kijijini kwetu nyuma ya Ukunda mnaujua: ukiinama tu umepotea. (Yale maputo ya Loon, kampuni dada ya Google, yaliyokuja Julai kugawa intaneti yalihudumia magharibi na kati ya Kenya. Sisi hata kivuli chake hatukukiona, na Januari iliyofuata wenyewe wakatangaza kufunga duka.)

Mtihani wake wa vitendo ulikuwa ajirekodi akiandaa meza ya wageni wanne. Nyumbani kwa dada yangu watu hula kwa mkono, sinia moja, juu ya mkeka. Akaazima uma kwa jirani anayepikia harusi, visu vya samaki akavikata kwenye boksi, leso ya mamake ikawa kitambaa cha meza. Wageni wanne walikuwa wadogo zake wawili na viti viwili vitupu. Video ilipanda usiku wa manane, maana bando la usiku ndilo rahisi. Akapewa alama za juu. Simlaumu mwalimu. Angeona nini zaidi kwenye kioo kile?

Siku yake ya kwanza hotelini wakampa sahani tatu za moto. Jioni akanipigia analia. "Mjomba, hakuna aliyenionyesha mkono unakaaje."

Mkono! Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwamba chakula cha kugawa kwa kijiko na uma kinatolewa kushoto kwa mgeni na kinywaji kulia, hilo linasomeka kwenye simu. Lakini kutambua kwamba wale wawili wa meza ya pembeni wamegombana, usiwapelekee mshumaa, hilo unalijua ukiwa umesimama pale, jasho linakutoka, na mpishi anakufokea kwamba supu inapoa.

Haya, nikubali shingo upande: hesabu, Kijerumani cha mwanzo, mifumo ya kukata tiketi, hayo yanafundishika mtandaoni, pengine hata vizuri zaidi. Basi, nimesema. Ila kulikuwa na wanafunzi wa uongozaji watalii, wakazi wa Mji wa Kale wa Mombasa, wakioneshwa Fort Jesus kwa picha za simu na ngome iko dakika kumi kwa miguu. Lango lilifungwa, najua. Kuta nazo zilifungwa zisitazamwe?

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo yote. Ndege za kimataifa za abiria zilisimama tarehe 25 Machi, zikarudi tarehe 1 Agosti. Watalii waliokuwa zaidi ya milioni 2 mwaka 2019 hawakufika laki 6 mwaka 2020. Hoteli zikabaki na walinzi na kunguru. Jikoni kamili, vitanda, kumbi za meza mia, vyote kimya. Na wapishi, wahudumu na waongozaji wa miaka ishirini wamerudishwa makwao mikono mitupu. Ugonjwa ule ule ulitupatia madarasa na walimu kwa mpigo, nasi tukakimbilia kununua bando! Na msiniambie habari za mikusanyiko. Julai, marufuku ya kutoka na kuingia Mombasa ilipoondolewa, ukumbi wa watu mia mbili ungeshindwa kuweka wanafunzi sita, barakoa usoni, madirisha wazi? Nusu tu ya karo ile ingemtosha mpishi mmoja aliyekosa kazi. Lakini hilo lilitaka mtu ainuke kitini akabishe hodi.

Mpwa wangu sasa anabeba. Tatu, na ya nne akijisikia. Aliyemfundisha ni mhudumu mkongwe wa hoteli ile ile, mzee wa mvi, ambaye 2020 alipunguzwa kazi akawa anauza viazi karai Ukunda, kando ya njia aliyokuwa akipita binti yetu kila siku kwenda kutafuta mtandao. Nilipokutana naye nilimuuliza kama mwaka ule kuna mtu wa chuo aliyewahi kumfuata.

"Wako walimu wawili walikuwa wakija kila jioni," akasema. "Walipenda ukwaju mwingi."