Vayoleti ya Kaloleni yakosa kivuli

Juzi nimepita kwa wauza miche kando ya barabara huku Nyali nikaona vayoleti, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, limepandwa kwa kikopo cha plastiki, nikasimama pale mpaka muuzaji akadhani nanunua. Nikamuuliza limetoka wapi, akasema linaletwa na basi kutoka Nairobi. Yaani nilihisi vibaya, manake mie nalijua kwao lile ndugu yake la mwituni. Kwao ni Cha Simba kule Kaloleni, Kilifi, kwenye majabali ya chokaa, limejishika kwa ufa wa jiwe penye udongo wa kiganja kimoja, na miti ndiyo inalitilia kivuli.

Wengi hawajui kwamba vayoleti zote za madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni huku kwetu na Tanzania. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye alizituma kwao kutoka Tanga miaka ya 1890, zikazalishwa huko mpaka zikajaa dunia. Na ndugu yake wa Cha Simba, ambayo wataalamu wanaiita rupicola, imebaki majabali machache tu ya Kilifi. Ukikata mti wa juu yake, jua linaipiga inakauka, basi.

Sasa tukiongea tabia nchi watu hutazama mawingu tu, na mie naona shamba na mvua ni kitu kimoja. Mimea tangu zamani inahama mvua ikibadilika, lakini haihami kwa miguu, inahama kwa mbegu, hondohondo anakula tunda huku anaenda kuangusha kule, na kule lazima pawe na msitu wa kuipokea. Leo ukitoka kaya moja, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, kwenda nyingine, katikati ni mahindi, mihogo, minazi, ploti. Mbegu ikianguka hapo jembe linaipitia. Na usiniambie itapanda mlimani kwenye baridi, Shimba Hills yenyewe, vile vilima vya Kwale, haifiki mita 500, ikishafika kileleni iende wapi tena?

Halafu ukame wenyewe ndio unasukuma jembe msituni, hili ndilo linaloniuma zaidi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Shamba la zamani limechoka, mahindi yamekauka yakiwa magotini, udongo wenye rutuba uliobaki uko chini ya miti, utafanya nini? Utafyeka, au uchome makaa uuze, na makaa hayo yanakuja kuwaka kwa jiko langu na lako hapa Mombasa. Shangazi yangu ana shamba upande wa Kaloleni, nilipomwambia habari za miti akanijibu, "Mwanangu, msitu haunililii njaa, watoto ndio wananililia." Sikuwa na jibu na mpaka leo simlaumu.

Wazee wa kaya wamefanya kazi yao, makatazo yao ndiyo yamelinda miti mpaka UNESCO ikaziweka baadhi ya kaya kwenye urithi wa dunia 2008, lakini kaya iliyozungukwa na mashamba ni kisiwa. Mie nasema tuache ukanda wa miti kwenye makorongo, kando ya vijito na chini ya majabali, pahali ambapo mahindi hayafanyi vizuri hata hivyo, na mkulima anayeacha apate kitu, si semina na soda. Pesa itoke na huku mjini pia, kwani maji ya chemchemi za Marere tunayokunywa Mombasa yanatoka msitu wa Shimba.

Nimeanza na shangazi. Tumeelewana kipande cha chini ya jabali hatalima mwaka huu, nami nampelekea mbegu za mihogo za kutosha shamba la juu, mvua zikishika tu naenda.